Kubainisha Aibu ya Chombo Unachokiuza

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, tunamtaka msaada na msamaha, na tunamsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu, mlio mbele yetu msikitini, nanyi mnaotusikiliza majumbani na safarini. Ijumaa ya leo tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo huenda mtu akaliona ni dogo mno kutajwa juu ya mimbari, nalo ni simu ya mkononi, betri yake, na hivi vyombo vidogo vya umeme tunavyovinunua na kuviuza kila siku. Wanazuoni wetu waliandika milango ya biashara wakiwa na masoko ya ngamia, nafaka na nguo mbele ya macho yao. Lau wangelikuwako leo, hatuna shaka wangeliandika mlango mzima juu ya simu iliyokwisha kutumika.

Mbuzi akiuzwa tunamfunua kinywa tukatazama meno. Mchele tunautia mkono, na nguo tunaivuta tukaiangalia juani. Simu je? Imefungwa pande zote, kioo kimesuguliwa kikang'aa, na kilichomo ndani hakuna akijuaye ila aliyekuwa nacho au fundi aliyeifungua. Basi kwa kadiri mnunuzi anavyozidi kuwa kipofu, ndivyo ulimi wa muuzaji unavyozidi kuwa amana.

Mnaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono wake ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakuta maji. Mwenye mali alijitetea kuwa ni mvua. Kunyesha kwa mvua hakukuwa kosa lake yule bwana. Kosa lake ni kuwa iliyolowa ilikuwa chini na kavu ilikuwa juu.

Betri za simu hizi zetu ni za lithiamu. Kila ikijazwa na kutumika, uwezo wake hupungua kidogo, na baada ya kujazwa mara mia kadhaa haibebi tena kiasi ilichokibeba ilipokuwa mpya. Joto, hasa la pwani hii, huizidishia uchakavu. Hiyo ndiyo mvua ya simu. Hakuna wa kulaumiwa kwayo. La kuulizwa ni nani anaiweka chini ya lundo.

Na hapa si adabu kuwasema watu kabla ya kujisema wenyewe. Sisi tunaosema nanyi tulikuwa na simu ambayo ikionesha thelathini kwa mia huzimika ghafla kama taa iliyopulizwa. Tukaichoka tukanunua nyingine, na ile tukamwuzia kijana wa bodaboda wa mtaani kwetu. Tuliipangusa vumbi, tukaitia katika chaja hata ikajaa kabisa, ndipo tukampa mkononi. Akatuuliza: "Sheikh, haina matatizo?" Tukamjibu kuwa sisi tumeitumia miaka mitatu. Jibu hilo lilikuwa kweli, wala halikuwa jibu la swali lake.

Kijana yule abiria wake humwita kwa simu. Baada ya wiki mbili tulimkuta kijiweni, simu imefungwa kwa mpira pamoja na pawabenki, waya unaning'inia. Hakutulalamikia. Alituamkia kwa heshima kama ilivyo desturi yake, na salamu ile ilitulemea kuliko lau angelitutukana, kwani tulitambua kuwa ameona haya kumdai mtu anayemsalisha. Tukamweleza ukweli wote, tukampa hiari: airudishe simu achukue fedha zake, au akae nayo na sisi tulipe betri mpya. Akachagua betri. Lakini zile safari zilizompita kwa siku kumi na nne? Hesabu yake hakuitaja, nasi hatukuwa na njia ya kuipata. Tulimtaka radhi, akacheka, akapiga kiki akaenda zake. Mpaka leo hatujui kicheko kile kilikuwa cha namna gani.

Angalieni basi, ndugu zangu, jinsi ulimi unavyojua kujificha bila ya kusema uwongo. Mmoja husema, "Nimeitumia mwenyewe." Wa pili husema, "Imetoka Dubai," kana kwamba Dubai hakuna simu zilizofunguliwa. Wa tatu husema, "Mimi ndivyo nilivyoipokea." Na katika maduka mengi utaona kibao kimetundikwa: mali ikishauzwa hairudishwi. Kibao hicho, katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wa watu wa pwani yetu, hakimwokoi muuzaji aliyekuwa akiijua aibu ya kitu chake akaificha. Mnunuzi anayo hiari ya kukirudisha kwa sababu ya aibu iliyokuwamo kabla hajakipokea, maadamu anakwenda upesi baada ya kuigundua. Vilevile mnunuzi naye asiitumbukize simu majini nyumbani kwake, kisha akarudi dukani na kusema aliipewa imelowa. Hayo pia tumeyaona.

Wala msidhani kuwa haya ni ya wachuuzi wadogo peke yao. Kampuni ya Apple ya Marekani, miongoni mwa kampuni tajiri kabisa duniani, ilikiri mwezi wa Desemba 2017 kuwa ilikuwa ikizipunguza kasi simu zake zenye betri zilizochakaa, kwa njia ya programu zilizotumwa ndani ya simu hizo. Ilieleza kuwa ilifanya hivyo ili zisizimike ghafla. Pengine ni kweli. Tunaijua simu izimikayo ghafla. Lakini wenye simu hawakuwa wameelezwa waziwazi, na bila shaka wako walionunua simu mpya hali iliyohitajiwa ni betri tu. Kampuni iliomba radhi, ikapunguza bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Mwezi wa Februari 2020 serikali ya Ufaransa iliitoza faini ya Euro milioni 25, na kosa lililotajwa lilikuwa hilohilo la kutowaarifu wanunuzi. Mwezi uliofuata, huko Marekani, ilikubali kulipa hadi dola milioni 500 ili kuyamaliza madai ya wenye simu. Lundo la nafaka, ndugu zangu, lundo lilelile.

Tena iko namba inayoandikwa juu ya pawabenki. Utaona imeandikwa miliampia 10,000, na mtu akapiga hesabu kuwa simu yake ya 5,000 ataijaza mara mbili. Hata ikiwa namba hiyo ni ya kweli, imepimwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, nayo hutoa umeme kwa volti 5, na mwingine hupotea njiani kwa joto. Kitakachoifikia simu ni kama 6,000 hivi. Muuzaji mwaminifu na aseme hivyo. Ama yule aliyechukua kibetri kidogo akakibandikia karatasi ya 50,000, huyo amepunja mizani, hata kama mizani yenyewe haionekani.

Na katika kununua, kila mtu ajikinge kwa lililo katika uwezo wake. Kenya ilizizima simu za bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikazizima tarehe 16 Juni 2016. Hasara ikamwangukia aliyekuwa na simu mkononi, na wengi wao walikwisha kutoa fedha zao kwa nia njema. Kabla ya kulipa, bonyeza *#06#, itatokea namba ya tarakimu 15. Ilinganishe na ile iliyoandikwa juu ya boksi. Iwashe simu, ipige, iache ifanye kazi kwa muda mbele ya muuzaji. Anayekuharakisha, muulize haraka yake ni ya nini.

Na wewe uliyekwisha kuuza, na mnunuzi wako unamjua kwa sura na nyumba, huenda yumo katika safu hii hii ya sala. Mtafute leo kabla hajatoka mlangoni. Jambo lenyewe halichukui muda mrefu, na betri si ghali kama tunavyojidai.

Tunasema haya, nasi tunamtaka Mwenyezi Mungu msamaha, sisi na nyinyi.