Tangi Tupu si Tupu
(Mazungumzo kwa vikundi vya wavuvi wenye boti za injini)



Kikundi chetu kilichanga kidogo kidogo mpaka tukapata boti ya injini ya petroli. Siku moja tangi la chuma likaanza kuvuja. Tulimimina petroli yote, tukamwita fundi wa kuchomelea. Tukamwambia, "Chomelea tu, mzee, tangi ni tupu." Akalinusa, akaikunja nyaya yake. Akasema, "Hilo tupu ndilo linaloua."

Tulikasirika, maana kila siku bila uvuvi ni hasara. Lakini alikuwa na haki. Kinachowaka si petroli yenyewe, ni mvuke wake. Matone machache yakibaki ndani hutoa mvuke, ukachanganyika na hewa, na cheche moja yatosha kulipua tangi. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Huteremka mpaka kwenye ngama, chini kabisa ya chombo, ukatulia huko bila kuonekana. Dizeli haiwaki upesi hivyo, lakini ikipashwa moto wa kuchomelea nayo hutoa mvuke. Msiidharau.

Basi sasa sisi hufanya hivi:

1. Boti huvutwa ufuoni mchana, penye upepo, mbali na jiko, sigara na taa. Injini huachwa ipoe, na betri hufunguliwa kabla ya kugusa tangi.

2. Mafuta tunayatoa kwa pampu ya mkono. Hatuvuti mpira kwa mdomo, hata kama wazee wetu walifanya hivyo. Petroli ikiingia mapafuni inaweza kuua. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja.

3. Mitungi ya mafuta huwekwa chini mchangani, si ndani ya boti. Haijazwi mpaka juu, kwa sababu mafuta hupanuka kwa joto.

4. Ngama tunaikausha kwa matambara na kuiacha wazi ipate upepo. Maji yenye mafuta hatuyamwagi baharini. Yakifika kwenye mikoko, tumejiharibia wenyewe mazalio ya samaki na kamba.

5. Mafuta yaliyotolewa huachwa yatulie. Maji na uchafu hukaa chini, petroli juu. Tunachota ya juu, tunachuja, na mweka hazina anaandika lita kitabuni. Hayo ni mali ya kikundi, si ya aliyeyatoa.

6. Tangi hufunguliwa, likatolewa botini na kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni, tena na tena. Kusuuza mara moja hakutoshi. Mwenye kusema sasa liko tayari ni fundi anayeijua kazi hiyo, si sisi wenye haraka.

Jamani, tulipoteza siku mbili za uvuvi. Lakini boti ipo, na yule mzee yu hai.

Mkirudi nyumbani, ulizaneni: katika kikundi chetu, nani ana ruhusa ya kumwambia fundi "ngoja kwanza"? Kama hayupo, mchagueni kabla boti haijaharibika.