Ruzuku Hupita, Haki Hubaki

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi, walimu na wakulima wa chai wa Kericho na Bomet)



Tumekuja kumzungumzia mtoto aliyefika gredi ya tano naye hawezi kusoma hadithi ya gredi ya pili, wala kutoa 17 katika 42. Kesho mtoto huyo atapeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, akabidhiwe karatasi ya kilo, asijue kama ameandikiwa haki yake. Asiyeweza kuhesabu chake, nani atamhesabia kwa uaminifu?

Fedha za kumsaidia zimewahi kuja. Tangu mwaka 2015 mpango wa Tusome, uliogharimiwa hasa na Marekani, ulipeleka vitabu vya kusomea katika shule za msingi za umma nchi nzima. Wakati huo huo ruzuku ya kimataifa ya dola milioni 88.4 iligharimia, pamoja na mengine, ufundishaji wa hisabati katika madarasa ya chini. Mwaka 2025 Marekani ikalivunja shirika lake la misaada, USAID. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Basi je, yatosha serikali kutoa fedha? La, haitoshi. Mwaka 2005, huko magharibi mwa Kenya, shule 140 zilipata ruzuku ya kuajiri mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Pale watoto walipogawanywa kwa kadiri ya ujuzi wao, wepesi na wazito wote walinufaika. Mwaka 2010 jaribio la walimu wa mkataba likaenezwa katika mikoa yote minane. Palipokuwa chini ya shirika lisilo la serikali, alama zilipanda. Palipokuwa chini ya wizara, hazikupanda. Ajira ilikuwa ile ile. Usimamizi ndio uliotofautiana. Fedha isiyo na msimamizi ni maji katika pakacha.

Kwa hiyo, sisi wanasheria twawashauri mdai mambo matatu.

Kwanza, mafunzo ya ziada ya kusoma na hesabu yawe na fungu lake katika bajeti, yatolewe bure, tena ndani ya saa za shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya likizo, na mchuma chai hana uwezo wa kumlipia mwanawe mwalimu wa pembeni.

Pili, kila shilingi iliyoingia shuleni itangazwe, na walimu waliolipwa wajulikane. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kimetupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Tatu, watoto wapimwe mwanzo na mwisho wa muhula, na mzazi aelezwe matokeo kwa lugha aielewayo.

Ndugu zetu, mwaka 1991 kifungu cha 2A kilipofutwa, tulipata uhuru wa kuchagua chama. Uhuru huo wamfaa nini asiyeweza kuisoma karatasi ya kura? Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Hiyo si sadaka ya mfadhili wala hisani ya mbunge. Katika mkutano ujao wa wazazi, simameni muulize.