Harufu ya Embe Chumbani: Kumtambua Mapema Kijana Aliyeanza Vepu au Dawa za Kulevya

Mada kwa wazazi, walezi na walimu wa sekondari, Dar es Salaam



Wengi wetu tulikua tukijua dalili moja: mtoto anayevuta hunuka. Moshi wa sigara ulishika kwenye nguo, na bangi ilibisha hodi kabla ya mvutaji. Leo pua haitoshi. Ninachotaka tukubaliane asubuhi hii ni kwamba kinga ya kwanza ni kumjua mtoto alivyo siku zake za kawaida, ili akibadilika wewe ndiye uone, usisubiri kuambiwa na jirani.

Nianze na vepu, kwa sababu ndiyo inayotupita machoni. Ni betri, waya unaopashwa moto na kimiminika ambacho mara nyingi kina nikotini. Hutoa mvuke. Haiachi jivu wala kichungi cha kutupa, na harufu yake ya embe, stroberi au mnanaa hutoweka baada ya dakika chache. Mama akiingia chumbani hudhani ni pafyumu au pipi. Nyingine zina umbo la flashi au kalamu nene, na kijana anaweza kuichaji kwenye kompyuta ya baba huku baba anaangalia taarifa ya habari.

Ukimuuliza atasema ni mvuke tu. Hapo tumjibu kwa ukweli, bila kutia chumvi, maana akigundua tumedanganya kwa moja hatatuamini kwa kumi. Sigara ya kwanza humkwaruza mtoto koo, akakohoa, na wengi huishia hapo. Watengenezaji wengi wa vepu hutumia chumvi za nikotini, ambazo hupita kooni kwa ulaini, kwa hiyo anayejaribu huvuta kiasi kikubwa bila mwili kumkataza. Kifaa kimoja cha kutumia na kutupa kinaweza kubeba nikotini ya pakiti nzima ya sigara au zaidi. Ubongo nao huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25, na sehemu inayotafuta raha hutangulia ile inayojizuia. Ndiyo maana mtoto wa miaka 15 hunaswa upesi kuliko mjomba wake wa miaka 40.

Sheria yetu ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, inayokataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, ilitungwa 2003. Mwaka huo Hon Lik, mfamasia wa China, ndiyo kwanza alikuwa akibuni sigara ya kielektroniki tunayoijua leo. Walioandika sheria walikuwa wakifikiria jani la tumbaku. Naamini imefika wakati wa kuitazama upya. Machi 2017 viroba vya plastiki vya pombe kali vilipigwa marufuku nchini, kwa hiyo serikali ikiamua inaweza. Lakini mtoto hasubiri Bunge.

Kuna hatari nyingine. Kifaa hichohicho hutiwa mafuta ya bangi. Mwaka 2019 hospitali za Marekani zilianza kupokea vijana ambao mapafu yao yalikuwa yameharibika ghafla. Kufikia Februari 2020 waliolazwa au kufa walikuwa 2,807, na kati yao 68 walikuwa wamefariki. Uchunguzi ulielekeza kidole hasa kwenye mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vimiminika vya bangi vya magendo. Waliovuta hawakujua wamevuta nini. Na hapa kwetu anayenunua mtaani hajui pia.

Sasa dalili. Mwalimu wa darasa ana nafasi nzuri kuliko mtu yeyote: ni yeye anayemwona mwanafunzi akiomba ruhusa ya kwenda chooni kila kipindi, anatoka amekasirika, anarudi ametulia. Nyumbani utaona kiu isiyoisha, kikohozi, pengine damu puani. Bangi huleta macho mekundu, chupa ya dawa ya macho ambayo hakuna daktari aliyeiandika, na njaa ya usiku wa manane. Heroini hukaza mboni za macho zikawa nukta, na kijana husinzia katikati ya sentensi huku akijikuna. Ikimwishia huingia arosto: mafua, miayo, mwili kuuma, kuharisha. Mzazi hukimbilia kupima malaria, kipimo kinarudi safi, kijana anapona baada ya saa chache bila dawa yoyote uliyomnunulia. Hapo usifurahi haraka. Jiulize amepata nini.

Hata hivyo nasihi: dalili moja peke yake si ushahidi. Kijana hununa kwa msiba, kwa mapenzi au kwa kuonewa shuleni, na kikohozi kisichoisha kinaweza kuwa kifua kikuu. Tunachotafuta ni mambo kadhaa yanayobadilika kwa pamoja: marafiki, usingizi, alama za darasani, vitu vidogovidogo vinavyopotea ndani.

Ukishaona, usimwamshe usiku na mkanda mkononi, wala usipekue begi lake mbele ya wadogo zake. Subiri hasira ishuke. Mwambie ulichokiona kwa macho yako, kwa mfano: "Mwanangu, wiki hii hukula nasi hata siku moja, na nimekuta hiki kwenye shuka lako. Nieleze." Kisha nyamaza. Ukimya huo ni mgumu kwa mzazi, lakini ndimo kijana husemea. Kama ninyi wawili hamwezi kuzungumza, muiteni shangazi, mjomba au babu. Familia zetu zimekuwa na watu wa kazi hii tangu zamani, na tumewaachia harusi na misiba tu.

Kwa msaada kuna namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, 119. Kwa walionaswa na heroini, kliniki ya methadoni ya Muhimbili ilifunguliwa 2011, na nyingine zimefuata mikoani. Ukimkuta kijana hazinduki, anapumua kwa shida na midomo imebadilika rangi, mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitali na mwambie daktari ukweli wote. Msimnyweshe maziwa. Yatamwingia kwenye mapafu.

Nimeacha la mwisho kwa walimu wakuu. Mwanafunzi anayekutwa na vepu na kufukuzwa siku hiyohiyo huenda moja kwa moja maskani, mahali pekee ambapo hakuna atakayemzuia. Sisemi asiadhibiwe. Nasema kabla ya barua ya kumfukuza kuwe na kikao cha mzazi, mwalimu wa malezi na mtoto mwenyewe, na muda wa kumfuatilia usiopungua muhula mmoja. Napendekeza vikundi vya majadiliano vya mchana huu vianze na hilo: kila shule iliyopo hapa iandike hatua zake, nani anaitwa kwanza, na nani atabaki na mtoto siku ile anapogundulika.