Nani Atafunga Mulango wa Pombe?

Neno la leo: Esta 1:1-12, Habakuki 2:15, Yohana 2:1-11

Wewe unayetusikiliza kwa radio, na wewe unayesoma karatasi hii nyumbani, fungua pamoja nasi kitabu cha Esta, sura ya kwanza. Ni sura ya karamu. Mufalme Ahasuero alifanyia wakubwa wake karamu ya siku 180, halafu akafanyia watu wote wa Susa karamu ingine ya siku 7. Vikombe vilikuwa vya zahabu, na divai ilikuwa tele.

Angalia mustari wa 8. Kulikuwa sheria juu ya kunywa: mutu asilazimishwe, kila mumoja anywe kadiri anavyotaka. Mufalme huyu hakumujua Mungu wetu, lakini alikuwa na sheria ambayo karamu nyingi za hapa Lubumbashi hazina. Kwetu kijana akikataa kilauri, wanamucheka. Mukwe akiomba Fanta, wanasema anazarau familia.

Sasa sheria ile ilipungukiwa kitu gani? Ilisema mutu anywe namna gani, haikusema mwisho ni wapi. Siku ya 7, moyo wa mufalme ukiwa umechangamuka kwa divai, akaagiza malkia Vashti aletwe ili watu watazame uzuri wake. Vashti akakataa. Mufalme akawaka hasira, na muke akaondolewa kwa sheria isiyoweza kugeuzwa. Sura ya 2 inasema kwamba hasira ilipotulia, alimukumbuka. Divai ilikuwa imekwisha kumutoka kichwani, lakini Vashti alikuwa amekwisha kutoka nyumbani. Ndugu, ni ndoa ngapi zimevunjika kwa neno lililosemwa wakati karamu ilipaswa kuwa imekwisha?

Serkali zinajua jambo hili. Inchi ya Kenya, mwaka wa 2010, ilitoa sheria ambayo watu waliiita sheria ya Mututho, kwa jina la mubunge aliyeipigania: siku za kazi, bar zifunguliwe saa kumi na moja ya jioni, zifungwe saa tano ya usiku. Na hapa Kongo hatujasahau amri iliyoanza tarehe 18/12/2020, wakati wa Korona: toka saa tatu ya usiku mpaka saa kumi na moja ya asubuhi, hakuna kutembea inje, na feti zilikatazwa. Vijana walioana wakati ule mbele ya watu wachache, bila muziki mpaka asubuhi. Je, ndoa zao si ndoa? Ni ndoa kamili mbele ya Mungu. Basi si usiku murefu unaofunga ndoa.

Lakini katika uwanja wako, siku ya ndoa ya binti yako, polisi hatakuja kufunga chupa. Pale mwenye karamu ndiye serkali. Ndiyo maana nauliza: nani atafunga mulango?

Kuna mupendwa anayesema: «Mimi nimeokoka, sinywi. Nanunua tu kazie chache za bia kwa ajili ya wajomba.» Soma Habakuki 2:15. Ole ile haikuwekwa juu ya anayekunywa. Imewekwa juu ya anayemupa jirani yake kileo ili amuleweshe na kuona aibu yake. Mukono wako unaweza kuwa na hatia hata kama mudomo wako ni mukavu.

Mwingine atajibu: «Muchungaji, Yesu alitengeneza divai Kana!» Ndiyo, na tuangalie kwa nini. Familia ile ilikuwa karibu kupata aibu mbele ya wageni, na Bwana akafunika aibu yao. Pombe ya saa sita ya usiku inafanya kinyume: inafunua aibu. Inavua baba heshima mbele ya watoto, inaleta magomvi kati ya wakwe, inaweka mulevi kwenye usukani na watu nyuma yake. Usitumie muujiza wa Bwana kutetea kazi ambayo Bwana hakuifanya.

Na matanga je? Mujane amekaa kwenye mukeka, macho yamevimba. Inje watu wanapiga muziki na kunywa mpaka asubuhi. Kesho wataondoka wote, na yeye atabaki na deni, na watoto wa kulipia masomo. Feza ya pombe ile ilikuwa mukate wa yatima.

Basi tufanye hivi. Kwanza, sema mapema. Siku familia mbili zinapoketi juu ya mahari, waambie wazee kwa heshima: «Baba zetu, karamu hii inabeba jina la Yesu. Tutawapa chakula kizuri, munkoyo, juisi na soda.» Usingoje kuwakataza mbele ya wageni, hapo utawavunjia heshima. Pili, wakileta pombe yao na hawakubali kuiacha, usigombane nao. Waroma 12:18 inasema tuishi kwa amani na watu wote kadiri inavyotutegemea sisi. Lakini patana nao saa ya mwisho, uiandike kwenye mualiko, na wewe mwenyewe uisimamie. Tatu, mutoto asitumwe kubeba chupa, na mutu yeyote asilazimishwe. Nne, tafuta mapema dereva asiyekunywa wa kurudisha wageni. Tano, kwenye matanga, kile ulichotaka kununulia watu vinywaji, ukiweke mukononi mwa mujane.

Wengine watasema karamu yako ilikuwa baridi. Waache waseme. Asubuhi bibi arusi wako ataamuka na mume muzima, na hakuna neno la jana litakalohitaji musamaha.

Bwana atupe ujasiri wa kufunga mulango kwa upole, na furaha isiyotoka kwenye chupa. Mungu awabariki. Amina.