Kusoma uhusiano wa kimataifa Johannesburg: nilichokuta



Mmeniuliza kama kijana anayemaliza kidato cha sita aje Bondeni kusoma uhusiano wa kimataifa. Nitajibu kwa yaliyonikuta pale Wits.

Ndani ya eneo la chuo kuna jengo linaitwa Jan Smuts House. Smuts ndiye aliyeandika rasimu ya utangulizi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 1945. Haki za binadamu zimo humo, wakati Mwafrika wa hapa Johannesburg hakuwa na kura ya kumchagua mbunge! Hilo peke yake ni somo la muhula mzima.

Vitabu vya nadharia, akina Morgenthau na Waltz, ni vya mataifa makubwa. Sisi tumo kwa kupita tu. Nilichotafuta nilikipata kwa Eduardo Mondlane. Alisoma Wits, serikali ya makaburu ikamfukuza nchini 1949. Baadaye akafanya kazi Umoja wa Mataifa, akafahamiana na Nyerere. FRELIMO ikaundwa Dar es Salaam 1962 yeye akiwa rais wake, na bomu likamuulia hapo hapo Dar, Februari 3, 1969.

Sasa nije kwenye lililonileta. Mei 2008 nilikuwa mwaka wa pili. Vurugu zilianzia Alexandra tarehe 11, zikaua watu zaidi ya 60. Watu walikuwa wanasimamishwa na kuulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Ni indololwane, mpaka leo sijalisahau. Kwenye teksi, maana yake daladala za hapa, simu ya mama ililia nikaizima, kwa sababu ningeipokea ningesema Kiswahili. Na theluthi moja hivi ya waliouawa walikuwa Wasauzi wenyewe, waliodhaniwa wageni.

Hapo ndipo wengi wetu tukaanza: "Hawana shukrani, sisi ndio tuliowakomboa." Ni kweli Kamati ya Ukombozi ilikaa Dar tangu 1963. Ni kweli ANC ilifanya mkutano wake Morogoro 1969, na shule ya Solomon Mahlangu ilikuwa Mazimbu. Lakini kijana wa Alexandra aliyezaliwa 1988 hayo angeyasikia wapi? Hata mimi, mtoto wa Morogoro, Mazimbu nilikuwa naijua kwa kupita na basi tu. Historia yake nimeisoma maktaba, huku. Tunadai deni ambalo hata sisi hatujawahi kuliandika daftarini.

Kwa hiyo kijana aje, kama ada ya mgeni wazazi wanaiweza. Asipoiweza, chuo cha Kurasini, tulichoanzisha na Msumbiji 1978, kipo. Akija, kabla ya kupanda ndege atumie siku mbili Mazimbu, ayaone yale makaburi ya wapigania uhuru. Na mwaka wa kwanza asome na Kizulu.