Sifa za Kununuliwa



Mchuuzi anayenadi bidhaa yake sokoni hana hila. Twamwona, twamsikia, nasi twajua kwamba anatafuta riziki. Wa kuhofiwa ni yule anayeketi nasi barazani kama mwenzetu, akaisifu bidhaa kana kwamba ameinunua kwa fedha zake, kumbe amelipwa aisifu.

Mwaka 1929, mjini New York, wanawake walivuta sigara hadharani katika gwaride la Pasaka, wakiziita mienge ya uhuru. Wengi walidhani ni madai ya haki tu. Kumbe mpango ulibuniwa na Edward Bernays, aliyekuwa akilipwa na kampuni ya American Tobacco.

Leo baraza limehamia kwenye intaneti, lakini hila ni ile ile. Mwaka 2013 tume ya biashara ya haki ya Taiwan iliitoza Samsung faini ya dola milioni 10 za huko. Ilibainika kuwa watu walilipwa kuzisifu simu zake na kuzikashifu za HTC katika mijadala, huku wakijifanya wateja wa kawaida.

Hapana budi tuzijue dalili. Kwanza, tazama mazungumzo ya nyuma ya msemaji: asiyewahi kuchangia lolote ila bidhaa moja ana lake jambo. Pili, watu watano wasiojuana hawasemi sentensi moja kwa mpangilio mmoja. Tatu, lishuku swali linalojibiwa upesi mno, tena kwa bei na mahali pa kununua. Nne, mtumiaji wa kweli hutaja na kasoro. Msifu wa kukodiwa haoni hata moja.

Hata hivyo, dalili si ushahidi. Wapo wanaosifu kwa kuridhika, na kumtuhumu asiye na hatia ni kulibomoa baraza lile lile tunalotaka kulilinda. Tuulize waziwazi: "Ndugu, wanufaika vipi kwa jambo hili?" Hata akikana, wasikilizaji watakuwa wamekumbushwa kupima.

Nasi tujichunge. Neno la mwalimu huaminiwa na wazazi. Neno la mtumishi huaminiwa na wananchi. Apokeaye bahasha ili ausifu mkopo au dawa huuza imani ambayo si mali yake peke yake. Kusifu si kosa. Kosa ni kumficha aliyeilipia sifa.