Hotuba Juu ya Mafigo na Njia ya Mkojo



Twaomba radhi kwanza. Jambo tutakalolinena leo si la kutajwa mbele ya wakwe, na humu ukumbini twawaona wakwe wa watu. Lakini chama hukusanya fedha za wagonjwa, na michango ya wagonjwa wa mafigo ndiyo isiyokwisha. Basi imetupasa kusema.

Mafigo ni mawili, nayo yako mgongoni, chini ya mbavu za mwisho, moja kila upande wa uti wa mgongo. Kila figo ni kubwa kadiri ya ngumi. Moyo huyapelekea mafigo damu kama lita 1 kila dakika, na ndani ya kila moja mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni 1. Mama atakaye kufagia chumba hutoa vyombo vyote uani, kisha hurudisha vilivyo vizuri na kuacha takataka nje. Ndivyo yafanyavyo mafigo. Kwa siku moja huchuja kutoka katika damu maji kama lita 180, yaani madebe 9 ya lita 20, kisha huyarudisha karibu yote, pamoja na sukari na chumvi ihitajiwayo. Kinachobaki, lita 1 na nusu hivi, ndicho mkojo. Huo huteremka kwa mirija miwili mpaka kwenye kibofu, hungoja ruhusa ya mwenyewe.

Mungu ametupa akiba, kwa kuwa figo moja yatosha. Mwaka 1954, mjini Boston, Marekani, Ronald Herrick alimpa pacha wake Richard figo yake moja. Richard akaongezewa miaka 8, na Ronald mwenyewe akaishi hata mwaka 2010. Lakini akiba hiyo ndiyo itudanganyayo. Mafigo yakiisha kuharibika zaidi ya nusu huendelea na kazi bila kulalamika. Kisukari na presha huyala polepole kwa miaka mingi, na mwenyewe hulima, husafiri, huhudhuria arusi. Siku miguu ivimbapo na chakula kimchukizapo, huenda yamekwisha kushindwa. Hapo dawa ni kupewa figo ya mtu mwingine, au mashine ya kusafisha damu, mara 2 au 3 kila juma, kwa muda wa saa kama 4 kila mara.

Sasa twawageukia wazee wanaume. Chini ya kibofu pana tezi, na mrija wa kutolea mkojo hupita katikati yake. Umri ukizidi, tezi hii hukua na kuubana mrija. Mzee huamka usiku mara nne au tano, husimama chooni muda mrefu, mkojo hutoka kidogo kidogo, naye husema ni uzee tu. Kumbe kibofu kisichokwisha maji chaweza kuyarudishia mafigo shinikizo lake, nayo yakajaa na kuharibika. Mzee huyu angalitibiwa kwa vidonge, au kwa upasuaji, kama angalisema mapema. Hakusema, kwa kuwa amtunzaye nyumbani ni mke wa mwanawe. Twaielewa haya hiyo, kuisifu hatuwezi.

Wengine huumwa magoti, wakanunua dukani vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, wakavimeza kila siku kama peremende. Vidonge hivyo hupunguza damu iendayo mafigoni, na kwa mzee mwenye presha ni hatari. Amwulize daktari kwanza.

Kupima presha hakumwumizi mtu. Kijiti kichovywacho katika mkojo huonyesha kwa dakika chache kama mna sukari, damu au protini, na damu kidogo ya mkononi huonyesha kama mafigo yachuja vema. Mwenye kisukari au presha yafaa apimwe hivyo kila mwaka, ajapojiona mzima.

Mzee asiyeweza kulinena jambo lake mbele ya vijana atatukuta chini ya mwembe baada ya mkutano. Tutakuwa wawili tu, wenye mvi kama yeye.